Tuzo ya Emmy ya Mwigizaji Mkuu wa Kiume katika Vichekesho

Tuzo ya Marekani anayopewa mwigizaji mkuu wa kiume wa tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Waigizaji walio wanachama wa Television Academy ndio wanaoteua wenzao, na kila mteule hukabidhi kipindi kimoja cha kumwakilisha. Hivyo nusu saa moja iliyong'ara yaweza kuizidi kazi ya msimu mzima. Kwa haki au la, Steve Carell aliteuliwa mara 6 kwa The Office bila kushinda, na hilo ni pengo kubwa katika orodha ya washindi. Carroll O'Connor, Michael J. Fox, Kelsey Grammer na Jim Parsons wameshinda mara 4 kila mmoja. Mweusi wa kwanza kuitwaa ni Robert Guillaume, mwaka 1985, kwa Benson. Wa pili, Donald Glover wa Atlanta, alisubiriwa hadi 2017.