Ulanzi

Ulanzi ni kinywaji cha asili kinachotokana na utomvu wa mlanzi, aina ya mwanzi inayopandwa katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hupatikana zaidi katika mikoa ya Iringa na Njombe, na pia katika sehemu za mikoa ya Mbeya na Ruvuma. Utomvu uliogemwa muda huohuo ni mtamu na kileo chake hakihisiki. Ukikaa saa chache huchachuka wenyewe na kuwa pombe nyepesi, nyeupe, yenye povu laini juu. Hauhitaji kimea, sukari wala kupikwa. Hapo ndipo unapotofautiana na pombe nyingi za kienyeji za nyanda hizo, ambazo hutengenezwa kwa nafaka.

Ulanzi ni kinywaji cha msimu. Mvua zikikoma, machipukizi ya mlanzi hukomaa na utomvu hukatika, na wanywaji husubiri hadi mwaka unaofuata.

Jina na aina

Neno ulanzi limetoka katika lugha za wenyeji wa eneo hilo, zikiwemo Kihehe na Kibena, na limeingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa maana hiyohiyo. Mmea wenyewe huitwa mlanzi, wingi milanzi. Msemaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba jina hilo ni ndugu wa neno mwanzi.

Wanywaji hutofautisha ulanzi kwa umri wake. Ule mtamu wa siku hiyohiyo huitwa togwa au mtogwa. Jina hilo lisimchanganye msomaji: mahali pengi nchini togwa ni kinywaji cha uji wa nafaka uliotiwa kimea. Ulanzi uliokomaa na kuwa mkali huitwa mkangafu. Kati ya hali hizo mbili kuna hatua nyingi, na mnywaji mzoefu huonja kwanza kabla ya kulipa.

Nje ya Afrika kuna vileo vinavyoitwa "mvinyo wa mianzi", hasa China, lakini hivyo kwa kawaida ni pombe ya nafaka iliyotiwa majani ya mwanzi ili kupata ladha na rangi. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi wenyewe.

Mmea

Mlanzi kwa jina la kisayansi ni Oxytenanthera abyssinica. Katika vitabu vya zamani mimea ya Tanzania iliandikwa pia kama Oxytenanthera braunii. Huota katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, tangu Senegal hadi Ethiopia na kusini hadi Angola na Msumbiji, lakini ugemaji wake unajulikana hasa kusini mwa Tanzania. Kwa maneno mengine, mmea ni wa Afrika nzima, ila ujuzi wa kuugema ni wa watu wachache.

Mlanzi huota kwa mashina yaliyosongamana pamoja, na fito zake zina kuta nene. Nyingine karibu hazina uwazi ndani. Usichanganywe na mwanzi wa milimani (Yushania alpina), unaoota katika miinuko ya juu yenye baridi na ukungu kama vile mlima Rungwe mkoani Mbeya. Huo ni mwanzi mwingine na haugemwi ulanzi.

Wakulima hawapandi mlanzi kwa mbegu. Huchimba kipande cha shina chenye mizizi na kukihamishia mahali pengine mwanzoni mwa mvua, mara nyingi kando ya nyumba, kwenye mipaka ya mashamba au katika mabonde. Mbegu ni adimu kwa sababu mlanzi huchanua mara moja tu baada ya miaka mingi, na shina lililochanua kwa kawaida hufa. Familia inayotegemea shamba moja la milanzi ya umri mmoja inaweza kulipoteza lote kwa mkupuo.

Kugema ulanzi

Kazi huanza mvua zinapotulia na machipukizi mapya yanapojitokeza ardhini. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ulanzi huwa mwingi zaidi kati ya Januari na Aprili.

Mgema huchagua chipukizi changa ambacho bado kinarefuka kwa kasi, mara nyingi chenye urefu wa karibu mita moja au zaidi kidogo. Kikiwa kimekomaa mno hakitoi kitu. Hukata ncha yake laini kwa kisu kikali, kisha asubuhi na jioni hurudi kuparua kidonda hicho kwa kuondoa ubale mwembamba. Siku za kwanza utomvu ni haba. Baada ya siku kadhaa za kuparuliwa hivyo huanza kutiririka vizuri. Mgema mgeni hukosea hapa: akikata ubale mnene, anamaliza chipukizi kabla ya wakati, akiacha kuparua, kidonda hukauka na kuziba.

Utomvu hukingwa kwa chombo kinachoitwa mbeta. Ni kipande cha mwanzi uliokomaa, ambacho kifundo chake kimoja kimeachwa kuwa kitako. Mbeta hufungwa kwenye chipukizi ili ncha iliyokatwa idondoshe utomvu ndani yake, na mdomo wake unaweza kufunikwa kwa majani ili kuzuia mvua na wadudu. Siku hizi wapo wanaotumia chupa za plastiki. Nyuki na nyigu hupenda sana ulanzi, na baadhi huzama humo. Ndiyo maana ulanzi huchujwa kabla ya kunywewa. Chombo cha plastiki ni rahisi kuosha kuliko mbeta, ambayo ndani yake haifikiki kwa mkono wala kuonekana vizuri.

Mbeta iliyotumika jana hubaki na chachu kwenye kuta zake, na chachu hiyo huanza kazi mara utomvu mpya unapodondoka. Kwa hiyo ulanzi unaokusanywa asubuhi kutoka mbeta kuukuu unaweza kuwa umeshachachuka usiku kucha, hata kama mgema anauita togwa kwa nia njema. Anayetaka ulanzi mtamu wa kweli huosha mbeta, huikausha na kukusanya mapema.

Kuchachuka

Utomvu wa mlanzi una sukari, na sukari ni chakula cha hamira za asili zilizopo hewani, kwenye mmea na katika vyombo. Hamira hizo hugeuza sukari kuwa kileo na gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo inayoleta povu. Bakteria za asidi ya laktiki hufanya kazi sambamba na kuleta uchachu, kama inavyotokea katika maziwa mgando.

Ulanzi huwa pombe ndani ya saa 5 hadi 12, kutegemea joto, usafi wa chombo na wingi wa chachu iliyokuwemo. Kileo chake hufika takriban asilimia 5, yaani karibu sawa na bia ya kawaida ya dukani. Wengi hawaamini hilo, kwa kuwa utamu uliobaki hufunika ukali. Ukiachwa siku mbili au tatu, bakteria nyingine hugeuza kileo kuwa asidi ya siki, na ulanzi huwa mkali kwa namna isiyonyweka.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kuusafirisha. Bia ya kiwandani imesimamishwa kwa kuchujwa au kupashwa moto. Ulanzi uko hai na huendelea kubadilika ndani ya dumu. Dumu likifungwa kabisa, gesi hulivimbisha na linaweza kupasuka, kwa hiyo wasafirishaji huacha mfuniko umelegea. Kuchemsha utomvu mara tu ukigemwa huua hamira na kuchelewesha kuchachuka, lakini hubadilisha ladha.

Biashara na maisha ya jamii

Katika vijiji vya wilaya za Kilolo, Mufindi na Iringa, ulanzi huleta fedha taslimu katika miezi ambayo mahindi bado yako shambani na ghala limepungua. Miezi hiyo pia ndiyo ya kununua mbolea ya kukuzia na kulipia mahitaji ya shule zinazofunguliwa Januari. Mara nyingi wanaume hugema, nao wanawake huuza nyumbani, vilabuni na kando ya barabara. Kwa mjane au mzee asiye na nguvu za kulima, mashina machache ya milanzi nyuma ya nyumba si jambo dogo.

Ulanzi hutumika katika harusi, misiba, mazungumzo ya posa na kazi za kusaidiana shambani, ambako mwenye shamba huwapa majirani kinywaji badala ya ujira. Zamani ulinywewa kwa kata na vibuyu vilivyotengenezwa kwa mung'unye uliokaushwa, mmea wa jamii moja na boga. Leo vikombe na majagi ya plastiki yamechukua nafasi hiyo karibu kila mahali.

Wauzaji wasio waaminifu huongeza maji, na wengine hutia sukari ili kufunika maji hayo. Watu wa pwani, ambao hugema mnazi, walishasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa bara hawahitaji kufafanuliwa. Hatari kubwa si kupunjwa bali maji yenyewe. Ulanzi haupikwi, hivyo maji machafu yaliyotiwa humo hubaki na vijidudu vyake. Ndiyo sababu wakati wa milipuko ya kipindupindu mamlaka za wilaya mara nyingi husimamisha uuzaji wa pombe za kienyeji.

Watoto na afya

Desturi ya kuwapa watoto togwa ya ulanzi ni ya kawaida vijijini, na wazazi wengi huiona sawa na soda. Tatizo ni kwamba hakuna alama inayoonyesha togwa imekoma wapi na pombe imeanza wapi. Kikombe kilichokuwa salama alfajiri si kilekile saa nne asubuhi, na mtoto huonja utamu tu. Uzito mdogo wa mwili hufanya kileo kidogo kimlevye haraka kuliko mtu mzima. Mwanafunzi anayepitia kwenye mbeta akienda shule atasinzia darasani, na msimu wa ulanzi hushika sehemu kubwa ya muhula wa kwanza. Kwa mjamzito pia hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama, iwe ya kiwandani au ya mwanzi.

Kwa watu wazima, madhara ni yale ya pombe yoyote. Bei yake ndogo na wingi wake wa ghafla huongeza ulevi kwa miezi michache, wakati huohuo palizi inapohitaji nguvu kazi.

Sheria

Uuzaji wa pombe za kienyeji nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayohusu leseni na masharti ya uuzaji wa vileo. Ulanzi haumo katika kundi la gongo, ambayo hupatikana kwa kukeneka na kutengenezwa kwake nje ya utaratibu wa sheria ni kosa.

Vinywaji jirani

Mkoani Mbeya ulanzi si kinywaji kikuu kama ulivyo Iringa. Huko hujulikana zaidi pombe za nafaka kama kimpumu, ambayo hutengenezwa kwa kimea cha ulezi, na komoni ya mahindi, inayonywewa pia Iringa. Hizo hupatikana mwaka mzima mradi nafaka ipo, na hujaza pengo ulanzi unapokwisha.

Utunzaji wa milanzi

Chipukizi lililogemwa haliwezi tena kuwa mlanzi mrefu. Shina ambalo machipukizi yake yote hugemwa kila mwaka hukosa fito changa zenye majani ya kulisha mizizi, na machipukizi ya mwaka unaofuata huwa membamba na machache. Wagema wenye uzoefu huacha sehemu ya machipukizi yakue na hukata fito kuukuu na zilizokauka ili kupisha mpya.

Machipukizi yaliyoachwa hayapotei bure. Fito zilizokomaa hutumika kujengea nyumba, kuzungushia ua na kufumia vikapu na matenga, yakiwemo yale ya kubebea nyanya za Ilula kupeleka sokoni Dar es Salaam. Mizizi ya mlanzi hushika udongo wa miteremko na kingo za vijito. Mwenye milanzi hulazimika kuchagua kila msimu ni machipukizi mangapi yawe ulanzi wa mwaka huu na mangapi yawe fito za miaka ijayo, na mwaka wa njaa uchaguzi huo hufanywa haraka.