Safu ya Lugha: Usanii

Limeenea siku hizi, katika hotuba na hata magazetini, neno usanii kwa maana ya hila na hadaa, hata mtu atoaye ahadi asiyokusudia kuitimiza huambiwa kuwa afanya usanii. Na matumizi hayo, kwa rai yangu, ni dhuluma kwa neno lenyewe na kwa wenye kazi yao. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutengeneza kitu kwa ustadi, ambao ndio uliotupa sanaa. Mtazameni mchongaji wa Kimakonde apatapo gogo la mpingo: hulichunguza kwanza, akalibandua kwa tezo sehemu yake nyeupe hata kiini cheusi kidhihiri, akaingia kwa patasi, akaigeuza nia yake pale ufa ujitokezapo, kisha akamalizia kwa msasa, na katika kazi hiyo, ambayo kosa lake halifutiki, hamna pahala pa udanganyifu. Kubuni ni kuzua jambo fikirani, kutunga ni kulipanga. Usanii hutaka yote mawili, pamoja na subira. Mdanganyifu ana majina yake ya tangu kale, laghai, ayari na mzandiki. Waandishi wenzangu, mwiteni kwa hayo.