Stesheni Kuu ya Dresden na Paa Lake la Kitambaa

Stesheni Kuu ya Dresden, katika jimbo la Saksonia mashariki mwa Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1898 mahali palipokuwa na stesheni ya zamani ya reli ya Bohemia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ucheki. Wasanifu majengo Ernst Giese na Paul Weidner walitakiwa kukusanya katika jengo moja treni zilizokuwa zikiishia mjini humo na zile zilizokuwa zikipita tu kwenda mbele, na jibu lao lilikuwa la busara kubwa: ukumbi wa kati, wenye upana wa mita 59, uliwekwa chini na reli zake zikakomea humo humo, ilhali katika kumbi za pande mbili reli ziliinuliwa juu ya tuta, zikapita moja kwa moja. Mpangilio huo ndio hazina halisi ya jengo, kuliko hata kuta zake za mawe ya mchanga, na ndio unaoeleza mengi yaliyolifika baadaye.

Mabomu ya Februari 1945 yaliliteketeza, na mamia ya watu waliojihifadhi katika vyumba vya chini walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa. Matengenezo ya enzi ya Ujerumani ya Mashariki yaliirudisha stesheni kazini bila kulirudishia paa hadhi yake. Mwanzoni mwa Oktoba 1989, treni zilizowabeba wakimbizi kutoka ubalozi wa Ujerumani ya Magharibi mjini Praha zilipitishwa Dresden, kwa kuwa serikali iliyokimbiwa ilishikilia kwamba raia wake waondoke kupitia ardhi yake yenyewe. Maelfu ya watu waliotamani kudandia walifurika stesheni, wakapambana na polisi.

Ukarabati ulikabidhiwa ofisi ya msanifu Mwingereza Norman Foster, ambayo iliyabakiza matao ya chuma ya karne ya 19 na kutandaza juu yake, badala ya vioo vizito, kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa tefloni, yaani utando laini usioshika uchafu, ambao mvua huusafisha. Kitambaa hicho kina unene usiofika milimita moja, na hupitisha mwanga wa mchana hadi kwenye majukwaa. Uamuzi huo ulistahili, kwa sababu wepesi wa paa uliyapunguzia mzigo matao yaliyokwisha kuchoka.

Kazi ikiwa bado inaendelea, mnamo Agosti 2002 mto Weißeritz, uliokuwa umechepushwa kutoka mkondo wake wa asili mwaka 1893, ulifurika na kurudi katika njia yake ya kale, ukaingia stesheni na kuufunika ukumbi wa kati, ule ule uliowekwa chini. Tope liliondolewa, mafundi wakaendelea, na mnamo Novemba 2006, mwaka ambao mji uliadhimisha miaka 800, paa jeupe lilizinduliwa.