Mboga za Kiangazi Kandokando ya Ziwa

Kila mwaka, tarehe 1 Agosti, nchi yetu ya Kongo huadhimisha Siku ya Wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini kufyeka majani na kuwaombea marehemu wao; mchana huwakirimu wazazi walio hai. Hapa Kalemie kuna jamaa wanaochukua sufuria, mikeka na watoto, wakashuka ufukoni kula chakula chao mbele ya ziwa. Samaki hupatikana papo hapo, na bukari husongwa upesi. Lakini mboga je? Agosti ni kiangazi kikavu, mvua ilikwisha tangu Mei, na sokoni fungu la lengalenga huwa dogo na bei yake kubwa. Mama anayetaka watoto wake wale mboga siku ile, hana budi kupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, tangu katikati ya Juni. Bustani hizi ndogo zina historia yake, nasi twataka kuisimulia kidogo, maana vitabu vimeisahau.

Kwanza tuwaulize wasomaji: je, sombe ni chakula cha babu zetu tangu mwanzo? Wengi watajibu ndiyo. Lakini sivyo. Muhogo ulitoka Amerika. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika miaka ya 1500, nao ukaingia bara polepole, kijiji hata kijiji. Mahindi, viazi vitamu na nyanya pia asili yao ni Amerika. Hatusemi haya ili kuwapunguzia wazee heshima, bali kuwaongezea. Walipokea mti mgeni, tena wenye sumu, wakajua kutwanga majani yake na kuyachemsha muda mrefu hata sumu ikatoka. Jambo hilo hawakulingoja kwa bwana shamba yeyote.

Sasa tutazame udongo wenyewe. Mwingereza Cameron alipofika hapa mwaka 1874, aliona mto Lukuga, ambao ndio mlango wa ziwa letu, umezibwa na mchanga na majani. Kwa sababu hiyo maji ya ziwa yalikuwa juu sana. Kabla ya mwaka 1880 kizuizi kile kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea mto Lualaba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita zipatazo 10. Basi sehemu za chini za ufuko, tunazopigania leo kwa ajili ya matuta ya mboga, zilikuwa chini ya maji wakati ule. Ziwa lilitukopesha tu. Tutarudi kwa neno hili.

Mwaka 1883 Mbelgiji Storms alijenga kituo Mpala, kusini ya hapa, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadre Weupe. Misafara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi ilichukua miezi mingi. Mwenye kungoja chakula kutoka huko angekufa njaa. Kwa hiyo kila misioni ilikuwa na bustani yake, na kabichi na vitunguu vya bustani zile vikapata njia hata kwenye vyungu vya Wakristo. Kapteni Jacques naye aliweka kituo cha Albertville mwishoni mwa mwaka 1891, katika vita vya kuwapinga wafanya biashara ya watumwa. Mji ulibaki mdogo hata reli kutoka Kabalo ilipofika mwaka 1915. Hapo wakaja wafanyakazi wengi, kila mmoja na kabila lake, na kila mke na mbegu zake ndani ya kitambaa.

Wakati huohuo serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kilimo chake. Kwa amri ya mwaka 1917 wanavijiji walilazimishwa kulima pamba na mazao mengine, hata siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, zikafanywa 120. Asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Pamba ilipimwa na kuandikwa vitabuni. Tuta la lengalenga la mama halikuandikwa popote. Nasi twaona kwamba pengine hiyo ndiyo sababu lilidumu: halikuwa la mtu mwingine. Utawala ule ulikwisha, lakini bustani ya nyuma ya nyumba bado ipo.

Tena haina ugumu. Lengalenga hupandwa kwa mbegu ndogo kama vumbi, zilizochanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, na baada ya wiki nne hivi huchumwa. Matembele hukatwa vipande vya shina na kuchomekwa penye unyevu. Bamia hutaka miezi miwili hivi. Muhogo husimama kando ya ua, nao huvumilia ukame. Wakati wa kiangazi usiinue tuta, bali lichimbe kidogo chini ili maji yasikimbie. Mwagilia asubuhi na jioni. Mama yetu alinyunyiza majivu juu ya majani kufukuza wadudu, akayaosha vizuri kabla ya kupika. Sisi watoto tulichukia ndoo zile za jioni, twakiri. Siku ya ufukoni hakuna aliyezikumbuka.

Lakini ziwa halikusahau mkopo wake. Lilipanda mwaka 1964, likapanda tena mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likaingia nyumba za mitaa ya chini ya mji wetu. Sisi wenyewe tulipoteza matuta sita mwaka 2021. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kidogo kidogo, na kila asubuhi mstari mmoja wa mboga ulikuwa umezama. Jirani mmoja, mjane, alichuma bamia zake akisimama ndani ya maji hata magotini, akagawa zote jioni ileile kwa kuwa zisingekaa.

Siku hizi mama huyo ana bustani mlimani, kwenye kiwanja cha nduguye: magunia saba yaliyojaa udongo na mabeseni mawili yaliyotoboka. Maji huyabeba kichwani kutoka bombani. Mwaka jana, tarehe 1 Agosti, sufuria ya lengalenga iliyoliwa ufukoni na jamaa zetu wawili pamoja ilitoka kwenye magunia hayo.