Msumari au fremu: MOI ilivyopima tiba ya muundi uliovunjika

Majeruhi wa ajali kutoka Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, wanaohitaji upasuaji wa kibingwa wa mifupa hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam. Miongoni mwa majeraha yenye hatari kubwa ni kuvunjika kwa muundi, mfupa ulio chini ya goti, huku ngozi ikiwa imepasuka. Vijidudu huingia kwa urahisi, na mgonjwa aweza kupoteza mguu.

Baada ya kidonda kusafishwa, daktari huchagua njia ya kuushikilia mfupa. Ya kwanza ni kupitisha msumari wa chuma ndani ya mfupa wenyewe na kuufunga kwa skrubu. Ya pili ni fremu: pini hupenya ngozi hadi mfupani, nazo hushikwa na chuma kilicho nje ya mguu.

Ili kujua njia iliyo bora, MOI na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, nchini Marekani, waliandikisha wagonjwa 240 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015 hadi 2017. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Wagonjwa 221 walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Waliofariki dunia, au waliopasuliwa tena kwa sababu ya maambukizi, mfupa kutounga au kupinda, walikuwa asilimia 18 kwa waliowekewa msumari na asilimia 21.8 kwa waliofungwa fremu. Kitakwimu, tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kuwa njia moja huishinda nyingine. Maambukizi ya ndani nayo hayakutofautiana sana.

Hata hivyo, mifupa iliyounga ikiwa imepinda ilikuwa michache zaidi kwa wenye msumari. Katika wiki ya sita, wagonjwa hao pia walikuwa na hali bora ya maisha, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalilingana.

Kwa hiyo, mgonjwa aliyefungwa fremu hana sababu ya kudhani kuwa amepewa tiba hafifu. Lakini kwa kuwa takriban mmoja kati ya watano alipatwa na madhara hayo kwa njia zote mbili, chuma pekee hakitoshi. Kufikishwa hospitali mapema, kupewa dawa za kuua vijidudu, kidonda kusafishwa vema na kuhudhuria kliniki bado ni mambo ya lazima.