Mahari Ndani ya Malaika: Wimbo wa 1960 Ukisikilizwa Kutoka Heru Juu

Mwaka 1960 ulikuwa na nyimbo mbili za mapenzi ambazo bado zinapigwa hadi leo. Wa kwanza ulitoka Nashville, Marekani. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri mwenye sauti nzito ya kubembeleza, alikuwa amerekodi "He'll Have to Go" mwishoni mwa 1959. Mwaka uliofuata wimbo huo ukakaa wiki 14 kileleni mwa chati ya kantri, ukavuka ukaingia katika chati ya nyimbo za watu wote na kufika nafasi ya pili. Wa pili ulitoka Nairobi. Kijana wa Kitaita aliyezaliwa 1938, Fadhili William Mdawida, akiwa na kundi lake la Jambo Boys, aliuingiza studio wimbo wa "Malaika".

Zote mbili ni nyimbo za polepole, za mwanamume anayemlilia mwanamke aliye mbali naye. Zinapoachana ni kwenye kizuizi. Katika wimbo wa Reeves, mwanamume yuko baa, anazungumza kwa simu, na anajua kuwa kando ya mpenzi wake amekaa mwanamume mwingine. Anamtaka mwanamke achague. Katika "Malaika" hakuna mwanamume wa pili, wala mwanamke hajakosa lolote. Kijana hana mali, basi. Angekuwa nayo wangeoana.

Ninaanza na Reeves kwa sababu muziki wa kantri si mgeni Afrika Mashariki kama wengi wanavyodhani. Sahani za santuri za Jimmie Rodgers, aliyefariki 1933, zilifika hadi nyanda za juu za Kenya. Hugh Tracey alipopita kwa Wakipsigis mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, alikuta jina la mwimbaji huyo limekwisha kuwa Chemirocha, na wasichana wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. (Sijui kama kuna mwanamuziki wa Marekani aliyewahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.) Baadaye zikaja nyimbo za Reeves. Mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, lakini sauti yake haikuondoka redioni. Kenya leo ina waimbaji wake wa kantri, akiwemo Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis. Kwa hiyo msikilizaji wetu alizipokea nyimbo hizi mbili kwa sikio lile lile na mara nyingi kwa redio ile ile. Mmoja aliusikia kama hadithi ya watu wa mbali. Wa pili ulikuwa habari ya nyumbani.

Safari ya "Malaika" imeandikwa mara nyingi, nami sitakaa nayo sana. Fadhili aliurekodi tena miaka michache baadaye kwa Equator Sound, kampuni ya Charles Worrod jijini Nairobi. Miriam Makeba akauchukua, na mwaka 1965 ukatoka katika sahani aliyoimba na Harry Belafonte, sahani iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Hep Stars la Sweden, ambamo alikuwemo Benny Andersson kabla ya ABBA, likauimba 1967. Boney M wakaugeuza wa kuchezea disko 1981. Angélique Kidjo akauweka katika sahani yake ya *Logozo* ya 1991.

Katika safari hiyo wimbo ulipunguza mzigo. Watu wa Stockholm na New York waliusikia kama ubembelezaji mtamu wa Kiafrika, na kwa kuwa Makeba ni mwanamke, hawakuwa na njia ya kujua kwamba anaimba maneno ya mwanamume anayelia kwa kukosa mahari. Hata hapa kwetu mambo yaligeuka. Bendi za hoteli za pwani huwapigia watalii "Malaika" kama salamu ya karibu wageni, na maharusi huingia nao ukumbini. Wimbo wa ndoa iliyoshindikana umekuwa wimbo wa kufungulia sherehe ya ndoa! Sioni ubaya wa kuucheza, lakini bwana harusi anayeuchagua angefaa ausikilize mara moja akiwa peke yake kabla ya siku yenyewe.

Kuna pia ugomvi wa nani aliutunga. Fadhili ndiye wa kwanza kuurekodi na jina lake ndilo lililotambuliwa na sheria, ingawa alilalamika hadi kifo chake Februari 2001 kwamba faida kubwa ilikwenda kwa wengine. Lucas Tututu wa pwani ya Kenya alidai ni wake. Grant Charo naye alitajwa. Dai linalotuhusu zaidi Watanzania ni la Adam Salim, aliyezaliwa 1916, ambaye alieleza kwamba aliutunga Nairobi mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi wake walimwoza kwa tajiri. Mahakama ya kumaliza kesi hii haipo tena. Ila ukiyapanga madai hayo pamoja unaona jambo: kila mdai aliaminika kwa urahisi, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na kijana wa namna hiyo.

Sasa tupande Heru Juu, tumtazame kijana huyo akiwa kwao.

Mahali hapa, juu ya mji wa Kasulu, palikuwa makao ya Mwami wa Heru, mojawapo ya falme za Buha, nchi ya Waha katika Kigoma ya leo. Kaskazini yake ni Muhambwe, ambako leo ni Kibondo. "Malaika" ilipotoka, Heru ilikuwa na mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti 1946 na kukaa hadi utawala wa machifu ulipofutwa baada ya uhuru. Ni nchi ya vilima, maharage, migomba, na ng'ombe. Ng'ombe hapa hakuwa nyama wala maziwa tu. Alikuwa ndiye uhusiano wenyewe. Kwa desturi ya ubugabire, asiye na ng'ombe aliweza kupewa mmoja na mkubwa, naye akalipa kwa utumishi na utii. Na ng'ombe ndiye aliyetazamwa pia pale familia mbili zilipokaa kuzungumzia binti. Kijana ambaye baba yake hakuwa na zizi alikuwa na deni kabla hajapenda.

Kisha ukaja ukoloni na kodi ya kichwa, inayodai fedha taslimu kutoka kwa watu waliozoea kuhesabu mali kwa mifugo. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914, na kwa kilimo kizima cha mkonge ilikuwa kama bomba la vibarua lililofunguliwa. Serikali ya Waingereza haikuhangaika kuleta zao la biashara la maana Buha. Ilikuwa na faida zaidi kuwaacha Waha wabaki bila fedha, kwa sababu asiye na fedha huenda kuzitafuta. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha pamoja na Burundi zikawa miongoni mwa visima vyake vikubwa. Vijana wa Kasulu na Kibondo wakapanda treni kwenda Morogoro na Tanga. Wakaitwa manamba.

Huko kazi ilipimwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambayo ilipaswa kumalizwa ndani ya siku 42. Siku usiyotimiza kiasi cha majani ya kukata haikuhesabiwa. Mshahara mdogo ulikatwa kodi, ukakatwa madeni ya dukani, kilichobaki ndicho kilichorudi nyumbani kama nguo, baiskeli, au fedha za kutafutia ng'ombe. Wapo waliorudi wakaoa. Wapo waliorudi wakakuta binti ameshaolewa. Wapo ambao hawakurudi kabisa, na wajukuu wao wako Muheza na Korogwe hadi leo.

Hapo ndipo ninapodai kwamba "Malaika" ni wimbo wa historia ya uchumi, ingawa haupewi nafasi hiyo. Wataalamu huutaja kama mfano wa gitaa la Nairobi la miaka ya 1960, na ni kweli. Lakini maneno yake yanasema kitu ambacho ripoti za ofisa wa wilaya hazikusema: kwamba fedha iliingia kati ya watu wawili ambao wasingehitaji kuijua. Mwanamume wa wimbo wa Reeves alikabiliwa na mshindani. Kijana wa "Malaika" alishindwa na bei ya kazi yake mwenyewe, na bei hiyo ilipangwa na watu wasiomjua yeye wala huyo malaika.

Serikali ya uhuru ilijaribu kulegeza fundo hilo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari ya kimila haikutolewa. Kisheria, basi, kilio cha "Malaika" kilipatiwa dawa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Lakini mjomba wa bibi harusi hakai mkekani na kitabu cha sheria, na posa za Kasulu bado zina mazungumzo marefu.

Muziki nao haukuacha. Kigoma imetoa, au imezaa wazazi wa, waimbaji wengi wa Bongo Fleva, na mwaka 2012 baadhi yao, wakiwemo Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti na Linex, walikutana katika "Leka Dutigite", wimbo wenye jina la Kiha. Huo ulikuwa wa kujivunia kwao. Diamond mwenyewe, kabla ya utajiri, alijulikana kwa nyimbo za kijana wa uswahilini asiye na kitu, mapenzi yakimkimbia kwa sababu ya umaskini. Gitaa limekuwa kompyuta na shamba la mkonge limekuwa Mbagala. Kijana ni yule yule.

Kinachokosekana katika kumbukumbu zetu ni sauti za manamba wenyewe. SILABU ilifungwa 1965. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amefikisha 80 au amezivuka. Nyimbo walizoimba kwenye mabehewa na kambini, na zile ambazo wachumba wao waliziimba Heru Juu na Kibondo wakiwangoja, hazina Makeba wa kuzipeleka popote. Wenye simu za kurekodi ni wajukuu zao. Maofisa utamaduni wa Kasulu na Kibondo, na walimu wa historia wa sekondari za huko, waanze na wazee hao mwaka huu.