Plastiki haikubali rangi hivi hivi: historia fupi ya jipu za barabara yetu

Ndugu na dada, leo tuongee juu ya kitu tunachokipita kila siku kwenye barabara ya taifa namba 5, Uvira–Nundu–Baraka, bila kukiangalia: parashoki iliyochubuka. Ukiona jipu ya kijani ao ya buluu, mlango na boneti rangi imeshika safi, lakini mbele parashoki inaachia magamba kama nyoka na weupe unachungulia chini, ujue pale kuna historia.

Jipu za zamani hazikuwa na shida hiyo. Land Rover ilipotoka mwaka 1948 kule Uingereza, chuma kilikuwa haba kwa sababu ya vita, njo wakaifunika kwa aluminiamu. Aluminiamu ao chuma, ukisafisha na kuweka rangi ya kwanza inayofaa, inashika. Plastiki njo ilileta mambo. Polipropileni, ile imejaa leo kwenye maparashoki, Mwitaliano Giulio Natta alifaulu kuitengeneza mwaka 1954. Mwaka 1963 akapata Nobeli ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler.

Mwaka 1968 Citroën wakatoa Méhari, kigari cha porini chenye mwili wa plastiki ya ABS. Jina ni la ngamia wa mbio. Wale jamaa walikwepa shida yote: hawakupaka rangi, waliichanganya ndani ya plastiki yenyewe. Akili kweli, lakini jua likaifubaza, na plastiki ikakauka mpaka kupasuka.

Kwetu Fizi, tuseme ukweli, plastiki ilikuja na jipu nyeupe. Kuanzia Oktoba 2005, HCR ilipoanza kurudisha ndugu zetu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, magari ya mashirika yakaongezeka. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi, mengine yakafuata. Mradi ukiisha, gari linauzwa. Mnunuzi mwenye akili anabadilisha rangi upesi, ju jipu nyeupe inachukuliwa kuwa ya shirika, na katika barabara yenye vizuizi, kuchanganywa na shirika si mchezo. Sasa fikiria parashoki inaanza kubanduka, weupe unarudi nje...

Kwa nini inabanduka? Sisi wa agronomia tunaielewa haraka kuliko wengine. Mwaga maji kwenye jani la mateke: yanakusanyika matone, yanateleza, jani linabaki kavu. Njo maana tukinyunyiza dawa shambani tunaongeza kitu cha kulowesha. Polipropileni ni jani la mateke. Rangi inalala juu yake, haiingii. Kokoto moja ikipiga, inaanza kutoka.

Kwa hiyo pentere mzuri anaanza nyuma ya kipande, siyo mbele. Anasoma herufi zilizochongwa ndani. Akiona PP, ao PP+EPDM, anajua ni ile ngumu kushika. ABS inashika vyepesi zaidi, ila diluwa kali inaila. Anaosha kwa maji na sabuni kabla ya msasa, kwa sababu ukianza na msasa unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Halafu msasa laini, namba 400 ao 600, mpaka mng'ao wote uishe, hata kwenye pembe (pembe njo zinabanduka kwanza, angalieni tu). Anafuta tena, anapitisha primeri ya plastiki, tabaka jembamba, na rangi inafuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Kuosha kwa esansi, kama ninavyoona mara nyingi, inaacha mafuta yake yenyewe. Viwandani wanapitisha hata moto wa haraka juu ya polipropileni ili uso wake ubadilike na ukubali rangi. Msijaribu na mbabula!

Jambo linalonisumbua zaidi ni mapafu ya vijana wa garaji. Rangi za kuchanganya na kikazishi mara nyingi zina isosianati, na hiyo inaleta pumu. Mwili ukishaikataa, hata kidogo sana kinatosha kuziba pumzi. Kitambaa puani kinazuia vumbi la msasa kidogo, mvuke hakizuii. Bila maski ya kuleta hewa safi toka nje, bora pentere atumie rangi ya kawaida isiyo na kikazishi, apige tabaka jembamba mara tatu, aiache ikauke vizuri, hata kama mwenye jipu anapiga simu kila saa.